Dakika Kumi

Leo ni siku ya tisini na nne na hatuna cha kutazama:
leo tunahama tu.
Saa kumi na moja alfajiri, Sighet, giza la Oktoba.
Zipu ya begi lako imekenua meno, haitaki kufunga,
na mimi nimeacha soksi zangu juu ya bomba la joto
katika nyumba ya wageni ambayo mlango wake ukishatoka
hujifunga wenyewe.

"Si nilikuambia," ukasema.
Maneno hayo mawili tumeyabeba tangu Trieste,
mara wewe, mara mimi,
mazito kuliko sufuria, kuliko kitabu cha ramani,
na hakuna aliyekubali kuyatupa njiani.

Dirishani kwa tikiti mama anakunywa kahawa.
Tunamwona. Anatuona.
Kahawa ikaisha taratibu.

Treni ina mabehewa mawili.
Dirisha la kwetu halifungiki, la jirani halifunguki.
Kando ya reli mto Tisa, ng'ambo yake nchi nyingine;
jogoo wa kule akawika, wa huku akamjibu
bila kuonyesha pasipoti.
Akaja Gavril, kondakta, na koleo lake la kutobolea:
tundu lake si duara, ni nyota.
Nilikuwa nimekusudia kununa mpaka Cluj,
lakini jua lilipochomoza likapenya tikitini,
nyota ndogo ikatua gotini pangu,
nikanuna nusu.

Mbele ya handaki, sijui la ngapi,
treni ikakohoa, ikanyamaza.
Dakika kumi, Gavril akasema, vidole vyote juu.
Nusu saa ikapita, akapita naye: vidole vilevile.
Mara ya tatu hakuinua mikono,
tukamwinulia sisi, behewa zima, kumi kumi,
akacheka hata kofia ikamdondoka.

Basi watu wakashuka.
Palikuwa na mplamu karibu na reli, hauna mwenyewe,
au mwenyewe hakuwapo.
Dereva alikuwa na grisi hadi viwikoni,
msichana Ilinca akamlisha plamu mdomoni
kama bwana harusi, huku akiinamia injini yake.
Bibi mmoja, Anuța, alikuwa na gunia la jozi la kumpelekea bintiye.
Akakaa juu ya reli, maana reli haikuwa na kazi nyingine,
akazivunja kwa jiwe, akatugawia.
Asubuhi nimepoteza jozi moja,
mchana nina jozi tele viganjani.
Nilitaka kukutania hivyo. Nikakumbuka tumenuniana.

Ndipo akaiona miguu yangu, mitupu ndani ya viatu.
Eee! Akanishukia,
kwa Kiromania kirefu, kidole hewani,
akaonyesha mlima, kifua, pua yangu, mbingu.
Wewe hujui hata neno moja la lugha ile.
Ukasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, ukanigeukia:
"Anasema, si nilikuambia."

Nilicheka mpaka ganda la jozi likanipalia.
Ukanipiga mgongoni, labda kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Tulifika Beclean treni yetu imeshakwenda.
Choo kinataka sarafu, sisi tuna noti.
Mkate umekwisha, umebaki wa maonyesho kabatini.
Haya nayo yaandikwe,
isije ikasemwa siku ilikuwa nzuri.

Ila usiku, kwenye benchi la chumba cha kungojea,
ulivua soksi yako moja ukanirushia bila kunitazama.
Ilikuwa na joto lako, na harufu yako,
sitasema harufu gani.
Kila mmoja na mguu wake wa kupona.

Ubao ukawaka: treni ya Cluj inachelewa.
Hujauliza.
Nikakuinulia vidole.